Mzizi Uliomenywa

Jina la utani la Pima Tena alilipata katika mwaka wake wa kwanza kwenye maabara ya kupima dawa za mitishamba. Kazi yake ilikuwa kutumbukiza mguu wa panya, uliovimbishwa kwa sindano, ndani ya mrija wa maji, kisha kusoma maji yamepanda kiasi gani. Alisoma mara tatu. Wenzake walipokwenda kula, yeye alikuwa bado anamwomba panya radhi kwa usumbufu.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mmea uliomkosesha usingizi, hadi alipopendekeza mzizi wa dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea, na nusu ya mtaa ilitibiwa magoti kwa mzizi huo. Panya walionyweshwa dawa walibaki wamevimba sawasawa na walionyweshwa maji matupu.

"Naufuta kwenye orodha ya mimea ya dawa, mzee wangu," alisema mkuu wa maabara. "Pole."

Jioni alikwenda kwa dada yake, akazungumzia hali ya hewa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Sema, mdogo wangu. Uso umekusawijika."

"Mzizi haufanyi kitu, dada."

"Kwa nani?"

"Kwa panya."

"Panya alilalamika?" Dada aliweka chini kisu alichokuwa akikatia mboga. "Mliutayarishaje?"

"Tuliuosha, tukaumenya, tukaukausha, tukausaga."

"Mliumenya."

"Ulikuwa na udongo."

"Na maganda?"

"Tulitupa."

"Basi mmetupa dawa, mkapima kuni. Nami ndiye niliyekusomesha."

Mkuu alikubali jaribio la pili, kwa sharti kwamba habari ya kumenya isitoke nje ya chumba kile. Safari hii walisaga maganda. Mwenzake aliziandika kwa herufi chupa tatu, ya maganda, ya kidonge cha dukani na ya maji matupu, ili Pima Tena asijue ipi ni ya dada. Herufi zilipofichuliwa, kidonge cha dukani kilikuwa kimepunguza uvimbe kwa nusu, maganda kwa robo, na maji hayakupunguza kitu. Mzizi ukabaki kwenye orodha.

Alimpigia dada yake simu.

"Robo tu?" dada aliuliza. "Kapime tena."

Alirudi mezani. Alimtumbukiza mguu panya wa mwisho, akasoma, akasoma, akasoma. Ilikuwa robo. Akaufuta mguu ule kwa pamba mpaka ukakauka, akamrudisha panya kizimbani, akafunga komeo.