Rangi Mbichi ya Serikali

Jamani, hii siku huwa siitaji mbele ya wageni, lakini nyinyi ni wangu, na mama alishasimulia kanisa zima, basi afadhali muisikie kutoka kwa mwenye aibu mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa historia hapa Machakos, na serikali ilikuwa imetoa pesa wachoraji wa wilaya wachore historia yetu kwenye mbao kubwa za kutundikwa ukumbini. Nikaombwa nihutubie siku ya uzinduzi, mbele ya DC mwenyewe (mimi! nikashonesha sketi nyeupe kabisa). Binamu yangu wa chuo kikuu akaniazima kitabu kinene juu ya fikra za baada ya ukoloni, kile sentensi inaanzia ukurasa huu na kuishia ule mwingine, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma utangulizi tu, tena nusu.

Siku yenyewe nikafika mapema, jua ni kali, nikaona kivuli nyuma ya ukumbi, nikasema wacha niegemee hapa kidogo nimeze angalau ukurasa mmoja. Nikaegemea ubao uliokuwa umesimamishwa pale. Ulikuwa na ubaridi mtamu! (Kumbe ni rangi mbichi, Mutiso mchoraji alikuwa ametoka kuipaka asubuhi hiyo hiyo.)

Nikaitwa, nikapanda jukwaani, nikasalimia, nikaanza kwa sauti ya kitabu: "Ndugu zangu, mkoloni alienda, lakini alituachia alama, na hatuioni kwa sababu iko nyuma yetu!" Nikageuka kuandika kwenye ubao wa chaki uliokuwa jukwaani. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nikadhani hotuba imewaingia, nikawaangalia, nikarudia, "Iko nyuma yetu!" na nikageuka tena kupiga mstari. DC akatoa hankachifu, akapangusa machozi.

Hapo Mutiso akaingia mbio, mikono yote rangi.

"Mwalimu, usikae chini! Uko na uso wa mzungu wangu!"

"Uso gani?"

"Wa yule afisa wa kikoloni! Kofia, masharubu, yote uko nayo huko nyuma!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama, aliyekuwa mstari wa mbele na akina mama wa kanisa, akapanda jukwaani, akanifunga leso yake kiunoni, akaninong'oneza, "Mwana wakwa, maliza. Utalia nyumbani." Nikamaliza, ingawa mpaka leo sijui nilisema nini.

Mutiso naye akakataa katakata kurudia kazi, kwa hivyo afisa akatundikwa vile vile, mwili bila uso. Baadaye akaja msomi fulani kutoka Nairobi, akamtazama weee, akasema huo ni ujasiri mkubwa wa kifikra, mkoloni kunyimwa sura, na mimi kama mwalimu naonaje?

"Ni kweli, profesa," nikamwambia. "Mchoraji alifikiria sana."

Tangu hapo nikialikwa kuhutubia navaa nyeusi, nasimama katikati ya chumba kama mlingoti, na siegemei kitu. Hata bwana yangu akiniambia nimwegemee, namgusa kwanza kwa kidole nione kama amekauka.