Nailoni ya Pili

Jina la Mama Nailoni alipewa na wateja, na hakulikataa. Duka letu ni la kutoa kopi na kuvika karatasi. Mimi nasimama kwenye mashine ya kopi, yeye anakaa nyuma ya ile mashine ya moto inayofunika vyeti kwa nailoni, na pembeni ana nailoni nyingine ya kubana vitabu na maboksi ya zawadi. Vyeti vya shule, hati za viwanja, picha za harusi ambazo wenyewe wameshaachana, vyote vinapita mikononi mwake na vinatoka vinang'aa. Maji hayaingii, mende hagusi. Kwake yeye, kitu ambacho hakijavikwa ni kitu kilichotelekezwa.

Mwanawe wa mwisho alipofariki, ghafla, kwa maradhi ya moyo, hata mvi moja hajaota, mama huyu hakulia. Nasema kwa sababu nilikuwepo. Alipanga viti, akapokea watu, akauliza kama sukari imetosha. Aliporudi kazini alinisalimia, akawasha mashine, akaanza kuvika vitu vya marehemu kimoja kimoja: kitambulisho, vyeti, picha za pasipoti, hata risiti ya viatu. Watu wakanong'ona kwamba ana roho ngumu. Wanong'onaji wananichosha, lakini kusema kweli hata mimi nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni. Siku moja akanijibu kabla sijauliza. Alisema hasikii kitu. Si uchungu, si njaa, anaona tu saa zinapita.

Marehemu alikuwa mchoraji wa michezo ya kompyuta. Mama yake hakuwahi kuelewa hiyo ni kazi ya namna gani, na wala hakujisumbua kuelewa. Kwake mchezo ni mchezo, na mtu mwenye ndevu hapaswi kuwa anacheza. Kumbe kijana na wenzake wawili walikuwa wametengeneza mchezo mmoja uliochorwa kizamani makusudi, picha za nukta kubwa kubwa kama za kompyuta za enzi zile. Hakuna bunduki, hakuna kukimbizana. Unabofya tu: unabofya mlango, kabati, kopo, unaokota, unajaribu, unaumiza kichwa. Wakatengeneza na maboksi machache kwa mikono yao, kila moja lina CD na ramani aliyoichora yeye mwenyewe kwa kalamu. Moja akampa mama yake. Mama akaliweka juu ya kabati la nguo, chini ya begi la safari, akasema ataliangalia akipata nafasi. Nafasi haikupatikana.

Basi binti yake, dada wa marehemu, akampata mtandaoni daktari mmoja wa meno anayekusanya michezo ya aina hiyo na kuipanga kwenye kabati la vioo. Alipotajiwa bei alikuja dukani anahema, saluni anayoota kuifungua ameshaipaka rangi akilini. Mama akasema auze tu, kama vile ameulizwa kuhusu magazeti ya zamani. Hapo mimi nikakosa raha. Kompyuta ya marehemu ilishachukuliwa na wale wenzake, nao hawakutaka kuutoa tena mchezo ule. Boksi hilo likishatoka mlangoni, mama huyu hataona kamwe mwanawe alikuwa akifanya nini miaka yote ile aliyojifungia chumbani. Nilimwambia hivyohivyo, bila kuzungukazunguka. Akaniuliza kama wino wa kopi bado upo.

Daktari alikuja mchana, mtu mpole mwenye mikono safi kupita kiasi. Wakati binti analitoa boksi kwenye begi alilolibebea, daktari aliokota stepla iliyokuwa mezani, akaichezea, kisha akairudisha huku akitabasamu. "Kirudishe ulikokitoa," akasema, akatutazama kana kwamba tutacheka. Hatukucheka. Hayo ni maneno ya Mama Nailoni, ndiyo anayowaambia wateja wanaoshikashika mkasi wake kila siku, na mimi nikadhani jamaa amemsikia mahali akaamua kumkejeli. Mama Nailoni aliisogeza stepla upande wake, basi.

Kisha tukafundishwa biashara. Bei ya boksi, alisema daktari, iko kwenye kutofunguliwa. Likiwa ndani ya nailoni yake ya kwanza, halijaguswa, ni dhahabu, likifunguliwa, linashuka. Mimi nikamfikiria mama yangu na seti yake ya vikombe vya wageni ambayo haijawahi kuona chai. Kumbe tumekalia utajiri.

"Na tangu msiba utokee," daktari akaongeza kwa sauti ya chini, "bei imepanda sana. Mnisamehe."

"Kwa hiyo kufa kumemletea maendeleo," Mama Nailoni akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaweka sawa habari.

Daktari alitoa kitochi chake, akalikagua boksi kona kwa kona, vile wanavyotafuta jino lililooza. Alipofika chini, penye mshono, akasimama.

"Mama, hii nailoni si yake."

"Ni yangu," akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikasikia sauti yake ina mwenyewe. "Ile ya kwanza ilichanika, begi liliikwaruza. Nikaitoa yote nikavika mpya. Tazama pembe, hazina hata mkunjo."

Pembe zilikuwa safi kweli, na daktari alizisifu. Halafu akaeleza, kwa ile sauti ya kumwambia mtu kwamba jino haliokoleki, kuwa bila nailoni ya kwanza hakuna mkusanyaji atakayeamini. Sehemu kubwa ya bei ilikuwa imetupwa kwenye pipa la taka pamoja na ile iliyochanika. Binti akajikalia juu ya rimu za karatasi. Akamuuliza mama yake nani alimtuma.

"Ilikuwa imechanika, mwanangu. Ningeiachaje?"

Lakini ramani bado ina thamani, daktari akasema, maana ni ya mkono wa marehemu, ilimradi iwemo na CD ifanye kazi. Itabidi kufungua. Mama Nailoni akachukua kisu cha karatasi, akaipasua kazi yake mwenyewe kwa mkupuo mmoja. Ramani ilikuwemo. Kompyuta yetu ni ya siku nyingi, bado ina droo ya CD, kwa hiyo tukaiingiza.

Likatokea jiko. Nililijua papo hapo, ni jiko la Mama Nailoni, nimekunywa chai humo: rafu iliyoinama, dirisha lenye kioo kimoja kilichozibwa kwa boksi, redio iliyofungwa mpira. Yote kwa nukta kubwa kubwa. Katikati amesimama kibwana kidogo anasubiri kuambiwa. Daktari akampisha mama kwenye kipanya, na mama, bila haraka, akabofya kopo la sukari. Kibwana akatembea, akanyoosha mkono, na chini yakaandikwa maneno: "Kirudishe ulikokitoa."

Akabofya kisu. Maneno yaleyale. Akabofya mfuniko, maneno yaleyale.

Daktari akaeleza kwa furaha, maskini, bila kujua yuko na nani. Ukigusa kitu kabla ya wakati wake, alisema, anakukemea mama wa nyumba kutoka chumba cha pili. Wachezaji wote wanayajua maneno hayo kwa moyo, wanasalimiana nayo.

"Na huyo mama, haonekani?" aliuliza Mama Nailoni.

"Haonekani mpaka mwisho. Ila usipomsikiliza, hufiki."

Aliendelea kubofya. Wateja walikuja, nikawaambia mashine imeharibika. Binti alikuwa analia kimyakimya juu ya karatasi zetu. Mama yeye uso wake ulikuwa uleule, mkavu, ila kila kitu alikibofya mara mbili. Mimi nilitaka kumshika bega, nikaogopa.

Baada ya muda daktari alirudi kwenye lililomleta. Akataja bei, si mbaya hata kidogo, na binti akafuta machozi akaitikia. Daktari akaikunja ramani, akaifunika ndani ya boksi, akalitia boksi kwenye mkoba wake, akabaki anasubiri CD.

"Kirudishe ulikokitoa," Mama Nailoni akasema. Hakuyatoa macho kwenye skrini.

Daktari akamtazama, kisha akaitazama ile skrini, na naona ndipo alipojua yuko na nani. Akamgeukia binti. Saluni yote ikapita usoni mwa binti, kisha akatikisa kichwa kwamba hawauzi tena. Boksi likatolewa mkobani, likawekwa mezani kando ya stepla, taratibu sana. Daktari alimpa mama mkono kwa mikono miwili, akaondoka.

Jioni, wakati wa kufunga, nilimwona Mama Nailoni ameishika ramani mbele ya mashine yake, na mashine imeshapata moto. Nikasubiri aiingize, kama anavyoingiza kila kitu. Alisimama. Akapitisha kidole gumba juu ya mistari, pale kalamu ilipokandamiza karatasi, akarudia tena.

"Nikiivika sitamsikia," akaniambia, akazima mashine.