Upande wa Mbele

Baba yetu, Mzee Wepukhulu, alisikiliza bomba kwa meno. Aliweka ncha moja ya spana juu ya chuma, nyingine akaibana menoni, akafumba macho kama anayeonja mchuzi wa wenyewe. "Hapa iko sawa," alikuwa akisema. Hatua mia mbele: "Hapa inaria kidogo." Palipolia palichimbwa, na kweli maji yalikutwa yakivuja.

Kwa miaka kumi na tisa alilinda bomba la mradi wetu wa maji, kutoka tangi la mlimani hadi soko la Kamukuywa. Ufunguo wa shimo la koki kubwa aliuvaa shingoni, hata kanisani. Hakuwa na cheo kingine duniani, na hakukitafuta.

Mimi na dadangu Edah tulijiunga na diploma ya ufundi wa vipimo pamoja. Yeye alimaliza. Mimi niliishia katikati kama daraja la serikali, ndiyo maana nyumbani naitwa Nusu. Edah akaajiriwa na mainjinia wa Kitale, na kazi yake ya kwanza kubwa ikawa kuweka kipimo cha maji kwenye bomba la baba, pale sokoni.

Kipimo chenyewe ni sahani ya chuma yenye tundu katikati. Unaibana ndani ya bomba, maji yanasongamana tunduni, presha inashuka, na kwa kadiri inavyoshuka unajua ni lita ngapi zinapita. Ila tundu lina ukingo mkali kama wembe upande mmoja, na upande wa pili umekatwa mshazari. Maji lazima yakutane na ule mkali kwanza.

Edah alijaza fomu ya kuagiza sahani kama anayejaza fomu ya mbinguni. Kipenyo cha ndani cha bomba alikipima mwenyewe, akakataa kuamini karatasi ya kiwanda. Tundu, unene, presha, hata urefu wa bomba lililonyooka kabla ya sahani, vyote alivipigia hesabu mara tatu. Ikabaki sehemu ya mwisho: neno la kuchongwa kwenye ule upande mkali. Wengine huandika Kiingereza. Lakini atakayeifunga alikuwa baba, na Kiingereza cha baba kilikwisha kwenye "gudi moningi". Edah akaandika MBELE.

Tarlochan, fundi mwenye karakana Kitale, aliinua miwani. "Mama, mbele ya nani?"

"Mbele ni mbele, mzee. Wewe chonga tu."

Nilikuwepo. Nilicheka, tena nikamwambia fundi, "Huyu ana diploma nzima, usibishane naye."

Maji yangeweza kufungwa Jumapili pekee, na Jumapili hiyo Edah alikuwa kazini kwingine. Baba alimpigia simu jioni, sauti imejaa sherehe, akimwita mama kwa lugha yetu. "Nimefunga, mayi. Mbele imeangaria mbele."

"Asante, papa," Edah akasema.

Mwezi haukuisha. Tangi lilipotoa lita mia, kipimo cha sokoni kilisoma themanini na tano. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Ngari, aliita mkutano. "Mzee Wepukhulu, hizi kumi na tano zinaishia kwa nani? Si wewe ndiye una ufunguo?"

"Nimesikiriza bomba yote. Hakuna mahari inavuja."

Mtu nyuma akadakia, "Mahari! Kumbe anaozesha binti!" Watu wakacheka. Kwa kawaida ningecheka zaidi yao.

Baba akamgeukia Edah. "Mayi, hebu angaria tena hiyo sahani yako."

"Papa, hesabu nimepiga mara tatu."

Akashika ufunguo shingoni. "Basi kama ni wewe umepima," akasema polepole, "labda mimi ni mwizi na sijui."

Akauvua mwenyewe, akamwachia Ngari. Baada ya hapo hakutembea tena zaidi ya ua wa nyumba. Spana aliilaza chini ya kitanda. Mvua zilipoanza tulimpeleka hospitali ya Lugulu, na hakurudi. Daktari aliandika nimonia. Sisi tuna neno letu.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulinyolewa, kama mila inavyotaka. Wiki hiyohiyo Cheruiyot, mlinzi mpya wa bomba, akaja kwetu akikunakuna shingo. "Edah, pole sana. Lakini bado ni themanini na tano." Mwizi amezikwa, wizi unaendelea.

Edah alitoka na kichwa chake kitupu, hakuvaa hata kitambaa. Cheruiyot akafunga maji, tukafungua bomba. Neno MBELE lilikuwa linatazama sokoni.

"Nusu," aliniuliza, "mtu akitembea, mbele ni wapi?"

"Anakoenda."

"Na maji?"

Nilionyesha kwa kidole kulekule neno lilikotazama.

"Papa alisoma vizuri. Ni mimi niliandika vibaya. Maji yalikutana na mshazari kwanza, yakapita kwa ulaini, kipimo kikasoma kidogo."

Aliigeuza. Saa moja baadaye kipimo kilisoma tisini na tisa.

Kwenye mkutano Bwana Ngari alikohoa. "Kamati imemsamehe mzee."

"Msimsamehe," Edah akasema. "Anayesamehewa ni aliyekosa. Andikeni kwamba Edah binti Wepukhulu alikosea neno moja." Akasimama palepale hadi katibu alipoandika na kumsomea alichoandika. Kisha Ngari akampa ule ufunguo wa baba, bila kumtazama.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alichukua spana ya baba akapanda kufuata bomba, nami nyuma yake nikitafuta mzaha, hata mmoja mdogo. Juu karibu na tangi alipiga magoti, akaweka chuma menoni, akafumba macho.

"Unasikia nini?"

Machozi yalishuka juu ya spana.

"Iko sawa," akasema. "Papa, yote iko sawa."