Alhamisi, Saa Nne, Utavikwa Taji

Siku niliyoripoti kazini hospitali ya Lushoto, Daktari Mfawidhi wa kitengo cha meno aliisoma barua yangu ya ajira mara mbili, kisha akaigeuza kuona kama nyuma kuna maelezo zaidi. Iliandikwa "fundi sanifu meno". Akaniuliza fundi huyo anatengeneza nini. Nikamjibu: meno ya bandia na mataji. Akanionyesha koleo lililokuwa juu ya meza yake.

"Binti, huku milimani jino likiuma tunaling'oa. Wanaotaka mataji wako Dar es Salaam."

Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa, kwa hiyo sikunyamaza. Ninyi mnaoanza leo, na mashine zenu za kuchonga jino kwa kompyuta, mtashangaa kusikia kwamba sisi tulilitengeneza taji kwa mkono. Jino likivunjika na mzizi ukabaki mzima, daktari hulisugua likabaki kisiki, kisha fundi hutengeneza kifuniko chenye umbo la jino cha kuvaa juu yake. Kifuniko hicho ndicho taji. Mfawidhi alinisikiliza hadi mwisho, akanipa chumba kilichokuwa stoo ya sabuni, na miezi mitatu. Nisipopata mgonjwa hata mmoja, chumba kinarudi kwa sabuni na mimi narudi kwa walionileta.

Miezi miwili na nusu nilifuta vumbi. Ndipo akaja Mzee Yafeti, mzee wa kanisa kutoka Shume, aliyevunja gego kwa jiwe lililojificha kwenye makande. Mfawidhi alishashika koleo. Nikamsihi mpaka akakubali shingo upande, akalisugua lile gego, nami nikachukua kipimo, yaani mgonjwa huuma uji mzito unaoganda na kubaki na alama za meno yake. Tukafunika kisiki kwa saruji ya muda, nikamwambia mzee asubiri kwenye benchi.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa Mzee Yafeti, hospitali ikichukua kipimo huwa inatafuta ugonjwa. Aliponiona natoka akasimama.

"Mwanangu, kipimo kinasemaje?"

"Kimetoka vizuri sana, baba. Alhamisi ijayo utavikwa taji."

Akakaa tena. "Alhamisi. Mna hakika na siku?"

"Na saa pia. Saa nne asubuhi."

"Nitaumia?"

"Hutasikia kitu."

"Na mama watoto je?"

Nikadhani anaulizia meno ya mkewe. "Naye siku yake ikifika atavikwa."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akaondoka taratibu. Nikajisemea, wagonjwa wote wangekuwa watulivu hivi, kazi hii ingekuwa raha.

Wiki nzima sikuonekana nje. Kile kipimo nilikimwagia plasta nikapata mfano wa kinywa chake. Juu ya mfano nikachonga taji la nta, nikalifukia kwenye udongo maalumu, nikachoma mpaka nta ikayeyuka ikatoka, na pale ilipokuwa nikamimina metali iliyoyeyushwa. Nililisugua hadi likang'aa. Alhamisi asubuhi nikaliweka juu ya pamba. Saa nne ikapita, saa tano, saa saba.

Mfawidhi akachungulia mlangoni. "Yuko wapi mfalme wako?"

Nikamwonyesha taji juu ya pamba.

"Mtu wa Shume hateremki mara mbili kwa jino moja. Jumatatu naleta sabuni."

Nilikasirika nusura nilie. Nikalitia taji mfukoni, nikapanda lori la mbao lililokuwa linarudi Shume tupu.

Uwanja wa Mzee Yafeti ulijaa watu, na kwaya ilikuwa imekaa kwenye mabenchi, imechoka. Nikajua mgonjwa wangu wa kwanza amekufa kabla ya kuvaa jino lake. Nikawaamkia wazee, nikampa mkewe pole.

"Pole ya nini?" akasema. "Bado yupo. Si ndiwe uliyempa siku?"

Nikaingizwa chumbani. Mzee alikuwa amelala na suti na viatu, mikono kifuani. Alishagawa mashamba, alishawasamehe majirani wawili, na ng'ombe wake wa maziwa alishampa dada yake aliyeolewa Mgwashi. Akafumbua jicho moja.

"Saa nne imepita," akanilaumu. "Nimeahirishwa?"

Nikalitoa taji mfukoni. "Baba, taji lenyewe ni hili. Ni la jino, si la mbinguni."

Akaketi, akalichukua, akaligeuza huku na huku.

"Hili?"

"Ndilo hilo, baba."

Akamgeukia mkewe. "Mama Eliya, tuma mtu akamrudishe ng'ombe."

Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni, kwaya nayo ikapokea huko nje. Ng'ombe hakurudi. Dada mtu alisema zawadi ya marehemu hairudishwi, hata kama marehemu mwenyewe yu hai.

Kesho yake tuliteremka pamoja. Mfawidhi alilijaribisha taji kwa karatasi ya rangi, ile inayoonyesha jino limezidi wapi, nami nikalipunguza mara tatu. Kisha akalibandika kwa saruji, akasema uma, akasema uma tena. Likakaa. Hakunisifu.

"Kuanzia leo hapa hatusemi taji," akasema. "Sema kofia ya jino."

Nikasema kofia, mpaka mama mmoja wa Mlalo aliponiuliza iweje yeye avalishwe kofia kama mume wake. Kwa huyo nikasema ushungi.

Sabuni zilitafutiwa pengine. Baadaye nilihamishiwa Mombo, kisha Korogwe, kisha Tanga mjini, chini ya wafawidhi watano, wapole wawili. Sasa nimestaafu, na mara nyingine huwaonea wivu maseremala. Seremala hupita akamwonyesha mjukuu wake mlango. Mimi kazi yangu imo vinywani mwa watu, na siwezi kuwaambia wapanue.

Hivi karibuni, sokoni Lushoto, nilimkuta Mzee Yafeti ameketi kando ya magunia ya karoti, mkongwe kabisa, anatafuna muwa. Nikamwamkia, nikajitambulisha. Alinikumbuka, na suti aliikumbuka, na ng'ombe zaidi. Nikamuuliza, je, lile jino linaendeleaje?

Akaacha kutafuna. Akapitisha ulimi upande huu, akapitisha upande ule.

"Mwanangu," akasema, "lilikuwa lipi?"

Sikumwonyesha. Nikamwacha amalize muwa wake.