Mpira wa Meza kwa Sheria za Kaka Shija

Harufu ya vanishi mbichi ilijaa nyumba yetu ya Kirumba, kando ya ziwa, msimu ule wa masika. Baba, aliyekuwa karani katika ofisi moja mjini, alikuwa ameunganisha vipande viwili vya plaiwudi, akavipaka rangi ya kijani na vanishi, kisha akavitandika juu ya mapipa barazani. Mvua haikukatika, vanishi ikagoma kukauka, na kwa siku tatu tulikula wali wenye harufu ya vanishi. Siku ya nne kaka yangu Shija, aliyekuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, alishika kibao na kutangaza kwamba humu ndani yeye peke yake ndiye anayejua sheria za mpira wa meza. Alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na mmoja. Nilimwamini.

Alisema anayeanzisha anaupiga mpira moja kwa moja hadi upande wa mwenzake, usiguse kabisa upande wake mwenyewe. Nilifanya mazoezi ya hilo mpaka mkono ukauma. Lakini sheria zake nyingine zilikuwa na tabia ya kuhama. Mpira nilioupiga mimi ukigusa ukingo wa meza, ulikuwa nje. Alioupiga yeye ulikuwa ndani, na nikibisha aliniuliza nimesoma bweni gani. Mchezo uliisha kwenye pointi ishirini na moja, isipokuwa nikiwa mbele. Hapo uliisha kwenye thelathini. Nikapiga kelele, "Mama, Shija ananidhulumu!" na Mama, aliyekuwa akishona nguo za wateja chumba cha mbele, akajibu bila kuinua kichwa, "Mkiendelea hivyo nitaichukua hiyo meza nikatie vitambaa." Baba alikaa pembeni na gazeti lake, akitutazama kwa juu ya miwani, akitabasamu. Tabasamu lile lilinitia moyo. Nilidhani ananiona ninavyoendelea vizuri.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu wa michezo alihitaji msichana wa kucheza mpira wa meza dhidi ya shule moja ya Mirongo. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Hakuwa na muda wa kunijaribu. Siku ya mashindano Mama aliacha cherehani yake, akavaa kitenge chake kizuri, akaketi mstari wa mbele. Nikaanzisha mpira kwa nguvu zangu zote, moja kwa moja, ukatua pembeni kabisa kwa mpinzani wangu. Sijawahi kuupiga mpira vizuri namna ile. Mwamuzi akampa mwenzangu pointi. Nikarudia, pointi nyingine kwake.

"Mwalimu, mbona mpira umeingia?" nikamuuliza mwamuzi.

"Umeingia wapi? Hujaugongesha kwako."

"Nyumbani tunaanzisha hivi."

Ukumbi mzima ukacheka. Mpinzani wangu, msichana mwembamba aliyenyolewa nywele, hakucheka. Alipokuja kuokota mpira karibu nami alininong'oneza, "Gongesha kwako kwanza, halafu uruke wavu uje kwangu." Nilijaribu, lakini mkono ulikuwa umeshazoea ujinga. Mpira ulinasa kwenye wavu au ulipaa hadi ukutani. Nilikuwa bado najipanga nifike ishirini na moja alipofika kumi na moja, mwamuzi akasema mchezo umekwisha. Sikujua hata kwamba ulikuwa unakaribia kwisha.

Njiani Mama alitembea hatua kadhaa mbele yangu, na hilo liliniuma kuliko vicheko. Nilipofika nyumbani nilikaa nikaandika barua kwa Shija shuleni kwake, kurasa mbili za matusi ya mtoto wa darasa la tano. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: zile zilikuwa sheria za nyumbani, nani alinituma nizipeleke kwa watu? Nilimpelekea Baba barua ile nikilia, nikitegemea amwadhibu. Aliisoma, akavua miwani.

"Mimi nilicheza sana mchezo huo chuoni," akasema taratibu. "Nilijua Shija anakufundisha vibaya."

"Ulijua, Baba?"

"Mlikuwa mnafurahi, mwanangu. Sikutaka kuwakatiza."

Nani alikuwa anafurahi? Nilitoka nikaenda kukaa kwenye mawe nyuma ya nyumba, nikitazama ziwa, mpaka nikaitwa kula. Shija nilimsamehe hata kabla ya likizo iliyofuata, kwa sababu Shija ni Shija. Kumsamehe Baba kulinichukua miaka.

Siku hizi naishi Nyegezi, na meza ya wanangu ni ya dukani, inakunjwa, haina harufu. Sheria zote zimo kwenye simu, lakini hakuna anayezifungua. Juzi mwanangu wa miaka minane alikuwa akianzisha mpira moja kwa moja, akimshinda dada yake, akicheka mpaka anashika tumbo. Nilisimama mlangoni, nikajikuta natabasamu kama Baba. Kisha nikamwambia ukweli. Akautupa mpira, akanuna, akasema nimeharibu mchezo. Labda nimeuharibu. Nikauokota mpira, nikamrudishia mkononi, nikamwambia tena: gongesha kwako kwanza.