Niliinua pikapu yangu, dizeli ikapotea, nikamshuku mzee wa watu

Wakuu, mbukwenyi.

Kwa wageni wa jukwaa, hiyo ni salamu ya kwetu Dodoma. Itikieni hata kimoyomoyo.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe na siongezi chumvi. Chumvi ilishaongezwa na watu wa baraza letu la kahawa zamani, mimi hapa kazi yangu ni kuipunguza.

Nimesukumwa kuandika na ule uzi wa vijana wanaobishana kama pikapu ya 4WD ikiinuliwa inakunywa mafuta zaidi au la. Nimesoma page zote. Kuna mmoja anasema yake ameinua, akafunga na matairi makubwa, na consumption haijabadilika hata kidogo. Kijana huyo namwombea.

Turudi nyuma, miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa.

Maduka yaliyokuwa matupu yamejaa, kila mtu mjini ni mfanyabiashara, hata mwalimu wangu wa hesabu anauza betri za redio. Mimi nilikuwa na pikapu moja ya dizeli, 4WD, mtumba ulioshuka bandarini. Nilipeleka nguo na vyombo kwenye minada ya vijijini, na msimu wa zabibu nikabeba mzigo kutoka Makutupora.

Gari lilikuwa zuri. Shida ilikuwa mimi.

Dodoma wakati ule ilikuwa na magari mengi ya miradi. Meupe, marefu, yana antena ndefu mbele. Langu likiegeshwa pembeni ya mojawapo lilionekana kama limechuchumaa. Iliniuma, nasema ukweli.

Basi nikaenda kwa fundi nikamwambia aliinue. Akaongeza majani ya springi, akabadilisha shokapu, na mimi nikahangaika mpaka nikapata matairi makubwa. Kila aliyeniuliza nilimjibu kuwa ni kwa sababu ya makorongo. Makorongo yalikuwepo tangu enzi za babu na gari lilikuwa linapita, lakini hakuna aliyenibana kwenye hilo isipokuwa mke wangu. Yeye ilibidi atembee na kigoda chake ndani ya gari, ndicho alichokanyagia kupanda. Mbele za watu alikuwa anakitoa taratibu sana, kwa makusudi.

Matairi nilipata manne. La tano sikulipata, kwa hiyo spea ilibaki ileile ndogo ya zamani.

Kumbukeni hiyo spea.

Sasa dereva. Aliitwa Mzee Ndahani, Mgogo wa Zuzu, kijiji cha nje kidogo ya mji. Alikuwa amestaafu reli. Alianza kwenye genge la kutengeneza njia, wale wa kutembea na sururu wakikagua mataruma yanayobeba reli, akamalizia udereva wa lori hukohuko. Mtu mpole, anaendesha kama amebeba mayai. Alikuwa sawa na baba yangu kwa umri, kila asubuhi nampa shikamoo yake ndipo namkabidhi funguo.

Halafu alikuwa mtani wangu. Ukoo wetu ni Wanyamwezi, wazee walikuja na misafara wakanogewa na mji wakabaki. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, mnajua wenyewe. Mtani anaweza kukusema hata msibani na huruhusiwi kununa.

Kabla ya kuinua, gari lilikuwa linakwenda kilomita kumi kwa lita. Nilikuwa najaza tanki, nasoma namba za dashibodi, nagawanya. Miaka miwili haikubadilika.

Baada ya kuinua, ikawa nane.

Nikajua gari linazoea. Mwezi uliofuata nane. Siku nyingine saba na nusu. Nikalirudisha kwa fundi, akasafisha nozeli, akabadilisha filta, akasema injini haina tatizo.

Kama injini haina tatizo, nani ana tatizo? Wakuu, akili yangu haikwenda kwenye matairi. Ilikwenda kwa mzee.

Nikaanza kupima tanki kwa kijiti. Nasema "Shikamoo mzee," anaitikia "Marahaba, mwanangu," halafu mbele ya macho yake natumbukiza kijiti kwenye tanki naangalia kimelowa hadi wapi. Jioni hivyohivyo. Mzee alikuwa anatazama pembeni. Leo nikikumbuka hicho kijiti naona aibu kuliko yote niliyofanya.

Kijiti hakikunisaidia. Gari linarudi, dashibodi inasema kilomita themanini, dizeli iliyoondoka ni lita kumi. Kwa hesabu yangu lita mbili zimeteremkia Zuzu.

Siku moja alasiri nikiwa barazani kwenye kahawa, Shabani fundi nguo akaniuliza gari linaendeleaje na urefu wake. Nikajibu kwa kucheka, "Gari zima. Ila mtani wangu nasikia amefungua sheli nyumbani kwake."

Watu wakacheka sana. Na mimi nikacheka. Nilijiambia ni utani, na utani hauna kesi.

Maneno hayo yalifika Zuzu kabla ya mzee mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Mzee Ndahani hakupokea funguo. Alisimama mbele ya duka langu kofia mkononi. Kwanza aliitikia shikamoo yangu. Kisha akasema:

"Mimi ni mtani wako. Ungeniita mwizi hapa usoni pangu, ningecheka, nami ningekutukana vizuri. Umesema mimi sipo. Huo si utani."

 Nikaanza kueleza habari za kilomita nane.

"Nimekaa reli miaka ishirini na sita," akasema. "Sijapoteza hata spana. Wajukuu zangu wameulizwa jana kisimani kama babu yao anauza dizeli."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Lakini wakuu, nisiwadanganye, bado moyoni nilikuwa najiuliza lita mbili ziko wapi.

Mzee alikuwa analijua hilo. Akasema, "Leo endesha wewe. Mimi nitakuwa abiria."

Tukatoka kuelekea Zuzu. Kuna kipande njia ya vumbi ilikuwa inakwenda sambamba na reli, na kwenye reli kuna vibao vya kilomita. Tulipofika usawa wa kibao kimoja akasema simama, soma dashibodi. Nikasoma, akaandika kwa kalamu kwenye kiganja chake. Twende. Akawa anahesabu vibao vilivyofuata kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mimi jasho linanitoka na kulikuwa na upepo.

Kibao cha kumi akasema simama. Soma.

Nikasoma. Dashibodi ilikuwa imetembea kilomita tisa, na haikufika tisa kamili.

"Hivi vibao vimekosewa," nikasema. Wakuu, mimi kweli nilisema hivyo.

Mzee hakukasirika. "Reli haijasogea," akasema. "Kipande hiki nimekitembea kwa miguu, masika na kiangazi. Kutoka pale mpaka hapa ni kumi. Fikiri kilichosogea ni nini."

 Akashuka, akachukua kamba ya kufungia mzigo, akaniambia nishushe spea. Akaizungushia kamba, akafunga fundo panapokutana. Kisha akaizungusha kamba hiyohiyo kwenye tairi kubwa.

Haikukutana. Ilipungua shibiri moja na vidole kadhaa.

"Dashibodi haioni barabara," akasema. "Inahesabu mizunguko tu. Bado inadhani umevaa viatu vya zamani. Kila mzunguko unatembea shibiri nzima ambayo haiandiki."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Kilomita themanini za dashibodi zilikuwa karibu tisini. Mzee alikuwa anasafiri safari zangu zote na mimi namwandikia pungufu, halafu namwita mwizi.

Nikapiga hesabu upya pale chini kwa kijiti (ndiyo, kijiti tena). Ikatoka karibu tisa kwa lita. Nikamwambia mzee, mbona hata hivyo haijafika kumi ya zamani.

"Hiyo moja ni yako," akasema. "Umelipandisha gari kwenye upepo, umelivisha viatu vizito. Maringo nayo yanakunywa dizeli."

Nikamwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amesamehe ila funguo hapokei bado.

"Uliyoyasema kwenye kahawa, kayaseme kwenye kahawa."

Nilienda alasiri ileile. Niliyekuwa mrefu mjini kwa sababu ya gari, siku hiyo nilijiona mfupi kuliko kigoda cha mke wangu. Mzee Ndahani akakaa kwenye benchi, akaagiza kahawa, akanitazama. Nikaeleza yote, kijiti, vibao, kamba. Nikasema mzee hajachukua hata tone, mjinga ni mimi.

 Halafu Shabani akauliza taratibu, "Kutoka hapa mpaka sokoni ni kilomita ngapi?"

Nikajibu haipungui moja.

"Ya reli au ya gari lako?"

Baraza likavunjika mbavu. Mzee Ndahani alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu ya jirani. Akanyoosha mkono, nikampa funguo.

Tangu siku hiyo sikupona. Nikisema nasubiri nusu saa, naulizwa, ya reli au ya gari lako? Nikisema mtoto wangu amefikisha miaka saba, hivyohivyo. Imamu mwenyewe aliwahi kuniuliza. Mzee aliendesha lile gari miaka tisa mingine, na matairi tulirudisha ya kawaida baada ya miwili, maana maringo hayaishi kwa mara moja.

Alifariki baada ya kupumzika kazi muda mrefu. Nilikwenda Zuzu kuzika. Mimi ndiye mtani, watu walinitazama niseme neno la kuchekesha kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimelipanga njiani. Nilipofika mbele ya jeneza likanipotea, nikasimama pale nalia kama mtoto.

Mjane wake, Mama Mazoya, akainua uso kutoka kwenye mkeka.

"Mtani," akasema, "umetoka mjini mpaka hapa kilomita ngapi?"

Nikafungua mdomo nijibu. Msiba mzima uliuliza swali lililofuata kwa pamoja, wajukuu wakiwemo, wale waliosutwa kisimani. Nikacheka na machozi yakiwa bado yanatoka. Nadhani ndivyo mzee alivyotaka azikwe.

Nilichojifunza si kikubwa. Hesabu zangu za kugawanya zilikuwa sahihi, namba ndiyo ilikuwa mbaya, na nilikuwa tayari kumpoteza mtu mwema kwa kuiamini. Mkibadilisha matairi, pimeni gari upya kwenye umbali mnaoujua. Na kama una neno juu ya dereva wako, mwambie yeye kwanza.

Wenye madereva, wenye pikapu ndefu, na ndugu zangu Wagogo mnaotaka kunisema, uwanja ni wenu. Leteni na namba zenu za consumption.

Ila yule kijana ambaye yake haikubadilika hata kidogo, kilomita zako hizo nina swali nazo. Wana jukwaa wote sasa wanalijua.