Mila ya Ukoo Wetu

Mtaani mwanamke huyu walimwita Fundi kwa sababu ya kushona, lakini ikifika saa kumi alasiri cherehani ilinyamaza. Alikaanga kahawa nje ya mlango, akaitwanga kwa kinu cha marehemu mama yake, akaichemsha na tangawizi, na majirani wakajipanga kwenye benchi refu la ukutani. Sharti lilikuwa moja: haondoki mtu mpaka vikombe vyote tisa virudi kwenye sinia, vifudikizwe, vihesabiwe kwa sauti.

"Ni mila ya ukoo wetu," alimjibu kila aliyeuliza. Hata binti yake alipoolewa, alimkabidhi sinia na vikombe tisa, akamwapisha asiiache.

Siku moja alikuja bibi mmoja mwembamba, mkoba begani, akimuulizia mama yake Fundi. Alipoambiwa amefariki miaka miwili iliyopita, alijitupa kwenye benchi kama mzigo. Wakampa kahawa. Akanywa akiwa amefumba macho. Lakini Fundi alipoanza, "Moja, mbili, tatu," bibi aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Nani kakufundisha kuhesabu hivyo?"

"Mama. Ni mila ya ukoo."

"Ukoo gani, mwanangu? Hiyo ni mila ya jela! Kikombe kimoja kikikosekana, wafungwa wote hatutoki jikoni. Mama yako alikuwa anawapikia askari kahawa, halafu mashapo anatuchemshia sisi na tangawizi. Miaka sita!"

Kikombe kilimponyoka Fundi, kikapasuka. Utotoni alilelewa na mama mdogo, akiambiwa mama yuko kazini mbali.

Bibi akaziba mdomo. "Mungu wangu. Hukujua?"

Fundi aligeukia benchi akidhani atakuta wote wamepigwa na butwaa kama yeye. Kinyozi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Muuza mkaa alikuwa anajifunga kanga ambayo haikufunguka. Hakuna aliyeshtuka.

"Mlijua? Wote?"

Kinyozi akakohoa. "Tulijua, dada. Kule kiwandani alikofanya kazi, msimamizi alimshika mama yako kwa nguvu, naye mama akammwagia maji ya moto. Jicho la msimamizi likapofuka, mama akafungwa. Alipofunguliwa, mtaa mzima ulimkwepa. Basi akatoa jiko nje, akapika kahawa. Wiki nzima alikunywa peke yake. Mimi nikashindwa na harufu, nikaja. Wengine wakafuata. Akatuomba kitu kimoja tu: mtoto asijue."

"Miaka arobaini! Hakuna hata mmoja aliyemwaga mtama?"

"Nimetoa siri za mtaa mzima, hata za mke wangu. Hiyo tu ilinigandia kooni."

Fundi aliingia ndani bila kuaga. Alikaa kitandani, akakumbuka kiapo alichomlisha binti yake. Alitaka kucheka, akajikuta analia; alitaka kumkasirikia mtu, ila wa kumkasirikia alikuwa kaburini. Alipotoka, jua lilikuwa limeshuka na benchi bado limejaa.

Akaketi karibu na bibi. "Alikuwaje huko?"

"Mkorofi. Na kuimba! Sauti mbaya, lakini hanyamazi."

Fundi alimkodolea macho. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mama yake akiimba.

"Niimbie alichokuwa anaimba," alisema.

Bibi akasafisha koo, akaimba. Kinyozi akavua kofia. Fundi alisikiliza mdomo wazi, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.